Vilima vya Kwenda kwa Nyamizi

Sikonge,
16 Februari 2025

Mpwa wangu Julieth,

Habari za huko ziwani, mama? Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Mvua ilinyesha wiki mbili bila kupumua, kisha ikakata ghafla, na sasa kila mtu anatazama juu. Mahindi yamesimama vizuri. Tumbaku ya Masolwa imekunywa maji mno, majani mapana lakini mepesi, na mwanangu huyo kila akitoka shambani hunieleza habari hiyo kwa sura ya kulaumu, utadhani mimi ndiye niliyeinyeshea. Mkewe amejifungua mtoto wa kike siku ya Jumanne. Wamempa jina la mama yako. Sikuwaomba, wameamua wenyewe, na mimi nilipoambiwa nilitoka nje nikaenda kukagua mizinga ya nyuki ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Barua yako ya Desemba niliipata. Nimeisoma mara nyingi. Umeandika kwamba chumba cha mama yako kimefungwa na nguo zake ziko sandukuni, kwa kuwa kwetu nguo za mwanamke aliyeolewa mbali hazigawiwi mpaka kaka yake wa tumbo moja azishike kwanza kwa mikono yake. Umeandika pia kwamba shangazi yako Apolinaria anauliza kila Jumapili baada ya misa kama huyo kaka yupo au hayupo. Mwambie yupo. Msiba wa dada yangu Nyamizi utamalizwa na mimi, na nitakuja kabla mwaka huu haujaisha.

Nina ombi moja. Treni itanifikisha Kigoma pamoja na baiskeli yangu. Kutoka pale mpaka kwenu Karubanga nataka kuendesha mwenyewe, nifuate ufuko, kupitia vile vilima. Niandikie njia. Siyo ile barabara kuu wanayopita watu wote. Nataka njia ambayo magari hayapiti, au yanapita machache sana, na unieleze kila kilima kilivyo. Wewe ni mwalimu, najua utaandika vizuri.

Usinipigie simu. Simu inanichosha. Andika.

Mimi mjomba wako,
Benjamini


Karubanga,
23 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa posta Kigoma karibu mwezi mzima, maana mwalimu mkuu huenda kuchukua barua za shule anapokwenda mjini kwa shughuli zake, na mwezi huu shughuli zilikuwa chache. Hongera kwa mjukuu. Nimefurahi kwa jina hilo, na pia limeniuma. Sisi huku hatujambo. Darasa langu la nne lina watoto themanini na sita. Ziwa limejaa, limekula vibanda vitatu vya kuanikia dagaa, na wenye vibanda wamehamia kwenye uwanja wetu wa mpira, kwa hiyo shule nzima inanuka dagaa na watoto wamefurahi kwa sababu hakuna michezo ya lazima.

Mjomba, nitasema kwa heshima, lakini nitasema. Tulikusubiri. Nilituma habari kwamba mama yuko hoi, na najua zilikufika kwa sababu Masolwa alijibu kwamba zimefika. Alikufa Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba. Tulimweka siku mbili tukisema kaka yake yuko mbali, treni ya magharibi tunaijua, tumpe muda. Jumamosi padri akasema haiwezekani tena. Tukazika. Hukuja, na hukutuma neno la kueleza kwa nini, mpaka leo. Sasa unaniandikia kuhusu kuendesha baiskeli milimani. Una miaka sitini na minane.

Kuna boti ya injini kutoka Ujiji, inafika huku asubuhi hiyo hiyo. Kuna gari la abiria linalolala hapa. Kuna pikipiki. Njia zote hizo zitakuleta ukiwa umekaa. Kama unataka baiskeli kwa ajili ya kuringa, mama hayupo wa kukuona.

Njia uliyoiomba ni hii: unatoka Ujiji, unashika kusini, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, unapanda vilima vitatu vikubwa, unafika. Nadhani inatosha.

Mpwa wako,
Julieth


Sikonge,
20 Aprili 2025, Pasaka

Mwanangu Julieth,

Bwana amefufuka. Pokea salamu za sikukuu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii. Tumetoka kanisani sasa hivi, Masolwa amechinja jogoo na mtoto amebatizwa. Alilia toka mwanzo mpaka mwisho, wanasema, na mchungaji akalazimika kupaza sauti. Ana macho ya mama yako, yale ya kukutazama mpaka useme ukweli.

Barua yako imenichapa, na nilistahili. Sitajitetea. Hilo la Novemba tutaliongea tukiwa tumekaa pamoja, ukinitazama usoni. Siwezi kuliandika.

Lakini siringi. Boti siwezi. Mimi ni mtu wa porini, nimezaliwa penye miombo na nyuki, maji ninayoyajua ni ya ndoo. Babu wa babu yangu alibeba meno ya tembo kutoka Unyanyembe mpaka Ujiji zaidi ya mara sita kwa miguu yake, na wanasimulia kwamba kila alipofika ziwani aliligeuzia mgongo, akala chakula chake akiangalia alikotoka. Hofu hiyo nimeirithi. Na gari la abiria, pikipiki, hayo nayo nina sababu zangu.

Baiskeli ndiyo ninayoijua. Miaka arobaini nimebeba asali kutoka maporini mpaka Tabora mjini, madumu manne nyuma na moja kwenye mtalimbo. Na njia hiyo yenu niliwahi kuipita, mwaka themanini na nne, nilipompeleka mama yako kuolewa na baba yako marehemu Anton. Tulishuka kwenye treni Kigoma, nikampakia kwenye keria, sanduku lake likiwa kichwani mwake. Kila kilima alishuka akasukuma kutoka nyuma, bibi harusi huyo, jasho linamtoka, na kila tulipofika juu alipanda tena akasema, haya twende, mimi sijachoka, nakuonea huruma wewe. Ilikuwa njia ya miguu tu wakati huo. Sasa sijui imekuwaje.

Kwa hiyo nakuomba tena, bila hasira ukiweza. Barabara ni nyembamba wapi? Kwenye kona, mtu anayekuja nyuma na gari anamwona wa mbele akiwa umbali gani? Pembeni kuna mahali pa kutokea, au ni mtaro na jabali? Siku gani za wiki malori hayapiti kabisa? Hayo tu. Mlima haunisumbui.

Mjomba wako,
Benjamini


Karubanga,
15 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, na safari hii siyo kosa la posta. Barua yako ilinifikia katikati ya Mei nikaiweka chini ya godoro kwa wiki tatu. Nilikuwa nimekasirika, na zaidi kwa sababu ya ile habari ya mama kusukuma baiskeli siku ya harusi yake. Hakuwahi kunisimulia. Niliona umenipa kitu kizuri kabla sijamaliza kukukasirikia.

Shangazi Apolinaria hajambo, anaumwa magoti tu. Shule imefungwa. Kwa hiyo nilipata siku, nikaazima baiskeli ya mwalimu mwenzangu Twalibu, nikapanda boti nayo mpaka Ujiji, nikarudi kwa njia yako. Nimeiendesha yote. Sasa nakuandikia niliyoyaona mwenyewe, siyo ya kusikia.

Kutoka stesheni ya Kigoma mpaka Ujiji ni lami, na magari ni mengi. Hapo usiende siku ya kazi. Shuka na treni, pumzika kwa watu, subiri Jumapili watu wakiwa makanisani. Ukifika Ujiji usishike barabara kubwa. Teremka mpaka penye mchanga, pita nyuma ya vibanda vya wauza dagaa, na utaona njia inaingia kwenye michikichi. Ni pana kiasi cha baiskeli mbili. Kwa saa nzima utakuwa kivulini, njia ni tambarare na hutakutana na kitu chenye injini. Utakutana na wanawake wanaochemsha mawese, watakusalimia, wajibu maana wanapenda kusalimiwa.

Kilima cha kwanza kinaanza ghafla, baada ya daraja la magogo. Watu hukiita Shuka, kwa sababu hata vijana wanaobeba madumu ya mawese hushuka na kusukuma. Njia yake ni ya kokoto nyekundu. Nilihesabu mizunguko saba mpaka juu. Kushuka upande wa pili ni kubaya kuliko kupanda, kokoto zinateleza, kwa hiyo kaza breki za nyuma na usiamini za mbele. Magari hapa hayawezi kupita kabisa.

Kati ya kilima cha kwanza na cha pili kuna fukwe mbili ndogo, na kijiji ambacho watu huanika mihogo juu ya miamba. Kilima cha pili ni kirefu lakini chenye huruma, kinapanda polepole. Ukifika juu utaendesha kwenye mgongo wa mlima kwa muda mrefu, ziwa lote liko chini yako mkono wa kulia, na asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo. Nilisimama pale. Sikuwahi kujua kwamba ninaishi mahali pazuri namna hii, maana siku zote nimepita chini, kwa boti, nikiwa nimejifunika kanga dhidi ya maji.

Kilima cha tatu ndicho kibaya, mjomba. Hapo njia yetu inaungana na barabara ya malori ya mbao, na hakuna nyingine, kushoto ni jabali na kulia ni poromoko. Ni mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Malori hupita Jumatano na Jumamosi, siku za mnada, lakini mengine hupita siku yoyote yanapotaka. Kaburi la mama liko juu ya kilima hicho, kabla hujaanza kuteremka kwetu.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa napanda hicho kilima cha tatu, lori lilinijia kwa nyuma. Nililisikia likiwa bado kona mbili chini, nikashuka, nikabana kwenye jabali, likapita. Vumbi lilipotulia nikakaa kwenye jiwe, na maswali yako yote yakanirudia. Hukuuliza maji yako wapi, wala utalala wapi. Mlima umesema haukusumbui. Umeuliza magari tu, na katika magari umeuliza yale yanayokuja kwa nyuma.

Nimekupigia simu mara tano tangu mama afe. Mara zote amepokea Masolwa na kusema umelala. Nilikupigia hata saa nne asubuhi, ukawa umelala. Mimi nilidhani unanikwepa kwa aibu.

Mjomba, unasikia?

Julieth


Sikonge,
13 Julai 2025

Mwanangu Julieth,

Mtoto ameota meno mawili. Baridi ya asubuhi ni kali mwaka huu. Nilikuwa nataka nijaze ukurasa mzima kwa habari za namna hii, lakini swali lako limekaa mezani na linanitazama.

Sisikii. Sikio la kushoto lilianza miaka mitatu iliyopita, la kulia likafuata. Kwanza nilipoteza nyuki. Mrina asali hugonga mzinga, akasikiliza kama wamo na wamekasirika kiasi gani. Nikawa nagonga nasikia kimya, nafungua, nimeumwa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kisha nikapoteza watu. Kanisani nilihamia benchi la mbele ili nitazame midomo ya mchungaji, na watu wakasifu kwamba mzee Benjamini ameongeza bidii ya kiroho. Mwaka juzi, kwenye kipindi cha Majilio, niliimba ubeti mzima peke yangu. Kanisa zima limeshakaa, mimi nimesimama, naimba kwa sauti, sina habari. Masolwa alinivuta koti. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa wanajua.

Lakini umeuliza jambo moja na mimi nadaiwa jibu la jambo lingine. Nilisema siwezi kuliandika. Nimejaribu mara nne, karatasi zimeishia jikoni. Hii ya tano nitaituma hata ikitoka mbaya.

Habari ya ugonjwa wa mama yako ilinifikia Jumanne jioni, tarehe kumi na mbili Novemba. Masolwa alikuwa Urambo. Gari la asubuhi la kwenda Tabora nililijua, huchelewa, na treni ya Kigoma ilikuwa iondoke kesho yake. Nikaona nikingoja gari nitaikosa treni. Nikafanya kama nilivyofanya maisha yangu yote. Jumatano, kabla jua halijatoka, nilifunga chupa ya asali kwenye keria nikaondoka kwa baiskeli kwenda Tabora. Kilomita sabini ni kitu gani. Lami mpya, haina shimo hata moja, nikasema hii ni kuteleza tu.

Sikujua kwamba lami inataka masikio. Miaka yote nilipita njia za mchanga, gari linakuja polepole, linatimua vumbi, unaliona. Jua lilikuwa limeshapanda, kama saa tatu hivi, nikiwa nimefika zaidi ya nusu ya njia. Dereva wa lori alisema alipiga honi toka mbali, akapiga tena na tena, akaona mzee anaendelea katikati ya barabara bila hata kugeuka, akadhani ninamfanyia kiburi. Alijitahidi kunikwepa. Hata sasa simlaumu. Mimi nilichokiona ni anga, kisha majani, kisha nikawa mtaroni na asali imenimwagikia usoni. Paja lilivunjika. Treni iliondoka. Mama yako alikufa kesho yake, na alipozikwa mimi nilikuwa kitandani mguu umening'inizwa kwa mawe.

Nilimwapisha Masolwa asiseme. Nilifikiri hivi: mkijua, watu waliokuja kumlilia Nyamizi watakaa wakiongea habari za mguu wangu. Na mtoto wake atajilaumu kwamba alituma habari zilizoniponza. Nikaona afadhali unichukie. Baadaye ilikuwa ni kiburi tu. Sikutaka iandikwe mahali popote kwamba Benjamini, aliyebeba asali ya wilaya nzima, alipigwa na gari kwa sababu hakulisikia.

Mguu umepona, umepungua urefu kidogo. Masolwa alifungia baiskeli kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na mwezi Machi alinirudishia ufunguo. Nimekuwa nikizunguka porini kila siku.

Ungeniuliza kwa nini nisikae kwenye gari kama mzigo, nije. Ningeweza. Nimefikiri sana. Ila nilitoka kwenda kwa dada yangu kwa baiskeli na sikufika. Kama nitafika kwake kwa namna nyingine, ile safari itabaki mtaroni milele, na mimi nitakuwa naiota. Sasa unajua yote. Kama hutaki mzee kiziwi katika hicho kilima cha tatu, niambie nisije, na nitakuelewa.

Mjomba wako,
Benjamini


Karubanga,
27 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Naandika upesi kwa sababu Twalibu anaondoka na boti sasa hivi na ameahidi kuitia barua hii posta kwa mkono wake.

Njoo. Panda treni ya katikati ya Agosti. Nimeomba ruhusa, nitakuwa stesheni Kigoma na baiskeli ya Twalibu. Tutalala kwa binamu wa baba mpaka Jumapili. Njia yote mimi nitakuwa nyuma yako. Nikisikia gari, nitakupita na kukaa mbele yako, nawe unifuate pembeni, tushuke, tungoje lipite. Usigeuke geuke kutazama nyuma, utaanguka. Hiyo kazi niachie mimi.

Kwenye kilima cha tatu tutasukuma. Ukinibishia nitakuacha Ujiji kwa wauza dagaa.

Habari yako ya Novemba nimeisoma. Nina la kusema juu yake, lakini siyo la kuandika mtu akiwa anapiga honi ya boti. Sijamwambia shangazi Apolinaria. Utamwambia wewe ukitaka.

Mpwa wako,
Julieth


Karubanga,
7 Septemba 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ujumbe wa Masolwa kwamba umefika salama ulitufikia, na kwamba ulishuka kwenye treni ukakataa kubebewa baiskeli. Hatukushangaa. Huku ni wazima. Shangazi Apolinaria amevaa kile kitenge cha mama cha bluu ulichomkabidhi, amekwenda nacho misani Jumapili mbili mfululizo, na sasa anakutangaza kijiji kizima kana kwamba yeye ndiye aliyekuzaa. Chumba cha mama nimekifungua madirisha. Nimehamishia meza yangu humo, ndipo ninaposahihisha madaftari, na ndipo ninapoandika barua hii.

Nimekuwa na jambo la kukuambia tangu Julai. Nilitaka kukuambia stesheni, lakini palikuwa na watu. Nilitaka kukuambia pale juu ya mgongo wa kilima cha pili, uliposimama na kwa mara ya kwanza ukalitazama ziwa bila kuligeuzia mgongo. Ila kukuambia wewe kitu ni lazima mtu apaze sauti, na hili sikuweza kulipigia kelele. Nilitaka tena pale kaburini. Ulipiga magoti, ule mguu ukakusumbua kukunjika, ukaanza kuongea na mama kwa Kinyamwezi. Hukujua ulivyokuwa unaongea kwa sauti kubwa. Nilisikia kila neno, mjomba. Ulikuwa unamwomba radhi kwamba alikufa akidhani umemtupa. Ulilisema hilo mara tatu. Nikasogea mbali, nikalia, kisha tukaja nyumbani tukagawa nguo, watu wakala, na sikupata nafasi. Nimekuacha uondoke na mzigo ambao ningeweza kukutua. Nisamehe.

Sasa nakuandikia.

Jumatano ile, tarehe kumi na tatu, asubuhi kama saa moja na nusu, nilikuwa nampa mama uji. Vijiko viwili, akakataa cha tatu. Akaniuliza, "Benja amefika wapi?" Hakuuliza kama unakuja. Aliuliza umefika wapi.

Mimi sikuwa na habari yoyote kutoka kwako. Sikujua hata kama umeondoka. Lakini macho yake unayajua, nikaona siwezi kumwambia sijui. Nikasema, "Yuko njiani, mama. Ametoka alfajiri, anakuja kwa baiskeli." Nilitaja baiskeli kwa sababu ndivyo alivyokujua siku zote, nikaona ataamini.

Akatabasamu. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akitabasamu. Akasema, "Mwambieni asijikaze. Anapenda kujikaza, huyo." Kisha akageukia ukutani, akalala. Baada ya hapo hakuongea tena, na Alhamisi akatutoka.

Miezi nane nilijua kwamba neno la mwisho nililomwambia mama yangu lilikuwa uongo. Sikukuchukia kwa sababu hukuja kumzika tu. Nilikuchukia kwa sababu ulinifanya nimdanganye mtu anayekufa. Niliungama kwa padri, akanisamehe, mimi sikujisamehe. Kila mwezi tarehe kumi na tatu ilipofika nilishindwa kula uji.

Kisha ikaja barua yako ya Julai. Ulitoka kabla ya jua. Uligongwa saa tatu. Nilichukua kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikapigia mstari nyakati hizo mbili, nikakaa chini sakafuni nikiwa nimeishika hiyo karatasi mpaka watoto wa jirani wakaja kuuliza mwalimu ana nini.

Mama hakufa akidhani umemtupa. Alikufa akijua unakuja kwa baiskeli. Na saa ile aliponiuliza, mjomba, saa moja na nusu, ulikuwa barabarani unakanyaga.

Mpwa wako,
Julieth